Nafasi Iliyobaki Wazi: Uhakiki wa Hoja ya Haki ya Kupandishwa Cheo Katika Hukumu ya Barnard (2014) ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini

Tarehe 2 Septemba 2014 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu katika shauri baina ya Jeshi la Polisi la nchi hiyo na chama cha wafanyakazi cha Solidarity, kilichosimama kwa niaba ya Kapteni Renate Barnard. Shauri lilihusu cheo kimoja tu, cha mrakibu, katika Kitengo cha Taifa cha Tathmini, yaani kitengo kilichokusudiwa kushughulikia malalamiko ya wananchi na kupima ubora wa huduma za polisi. Tangu siku hiyo, ni nadra kwa mjadala wa usawazishaji katika utumishi wa umma barani Afrika kufanyika bila hukumu hii kutajwa, ama kwa kusifiwa ama kwa kulaumiwa. Wengi wa wanaoisifu huisoma kana kwamba imefunga mjadala. Wengi wa wanaoilaumu huisoma kana kwamba imehalalisha ubaguzi wa kinyume. Uhakiki huu unashikilia kwamba pande zote mbili zimepita juu ya kiini chake: matokeo ya hukumu yanaweza kutetewa, lakini hoja iliyoyafikia inamwacha mtumishi aliyenyimwa cheo, pamoja na umma anaoutumikia, bila maelezo ambayo haki yenyewe inayadai.

Mambo yaliyotokea

Nafasi hiyo ilitangazwa mwaka 2005. Barnard, mwanamke mzungu, aliomba, akasailiwa na kuongoza kwa alama. Jopo la usaili lilimpendekeza, likaeleza pia kwamba pengo kati yake na mwombaji Mwafrika aliyemfuatia, asilimia 17.5, lilikuwa kubwa kiasi kwamba kumteua huyo wa pili kungeathiri utoaji wa huduma. Pendekezo halikukubaliwa na nafasi haikujazwa. Mwaka 2006 ilitangazwa tena. Barnard aliomba tena na akaongoza tena, kwa alama zaidi ya asilimia 85, ingawa safari hii waombaji Waafrika waliomfuatia walikuwa wamemkaribia zaidi. Pendekezo la kumteua lilifika mezani kwa Kamishna wa Taifa, Jackie Selebi, naye akalikataa kwa majibu mafupi mno: uteuzi huo usingesaidia uwakilishi, na nafasi yenyewe haikuwa ya lazima kiasi kwamba kuiacha wazi kungedhuru huduma. Nafasi ikaondolewa.

Njia ya shauri hili mahakamani ilikuwa ya kupanda na kushuka. Barnard alishinda katika Mahakama ya Kazi, akashindwa katika Mahakama ya Rufani ya Kazi mwaka 2012, akashinda katika Mahakama Kuu ya Rufani mwaka 2013, na hatimaye akashindwa katika Mahakama ya Katiba. Kupinduliwa huku mara tatu hakukutokana na ushahidi mpya. Kila mahakama ilikuwa na maelezo yaleyale, alama zilezile na barua ileile ya Kamishna. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa.

Swali linalotangulia jibu

Mahakama Kuu ya Rufani iliuliza swali la ubaguzi. Ilitumia kipimo kilichowekwa katika shauri la Harksen la mwaka 1997, ambacho humtaka mwajiri aliyewatofautisha watu kwa misingi kama rangi athibitishe kwamba utofautishaji wake haukuwa wa kuonea. Kwa swali hilo, barua yenye sentensi chache haikuweza kusimama. Mahakama ya Katiba, kwa kalamu ya Kaimu Jaji Mkuu Dikgang Moseneke, ilisema swali hilo lilikuwa la makosa tangu mwanzo. Ibara ya 9(2) ya Katiba ya Afrika Kusini inaruhusu hatua za kuwalinda na kuwaendeleza watu waliodhulumiwa na ubaguzi wa zamani, na inazihesabu hatua hizo kuwa sehemu ya usawa wenyewe. Kwa hiyo hatua iliyokidhi vigezo vya shauri la Van Heerden la mwaka 2004, yaani inayowalenga waliodhulumiwa, iliyoundwa ili kuwaendeleza, na inayokuza usawa, haianzi safari yake mahakamani ikiwa mtuhumiwa.

Hapa Moseneke yuko sahihi, na hoja yake inastahili kutetewa dhidi ya wakosoaji wanaoiona kuwa mbinu ya kisheria tu. Iwapo kila hatua ya kurekebisha dhuluma itachukuliwa kuwa dhuluma mpaka ithibitishwe vinginevyo, basi mzigo wa uthibitisho unabebeshwa wale waliodhulumiwa, na hali iliyoachwa na ubaguzi inapewa hadhi ya hali ya kawaida. Alama zenyewe zina historia. Mtu hapati asilimia 86 katika usaili wa cheo cha polisi kwa akili na bidii peke yake. Anaipata pia kwa mafunzo aliyopelekwa, vituo alivyopangiwa, wakubwa waliomkaimisha, na lugha ambayo jopo linaizungumza. Katika jeshi la polisi ambalo kwa miongo mingi lilipanga vyeo vyake kwa rangi, sehemu ya alama hizo ilikwisha kugawanywa kabla ya mwombaji yeyote kuingia kwenye chumba cha usaili. Anayesema kwamba sifa zitangulie na historia ifuate anasahau kwamba historia ndiyo iliyoshika kalamu ya kuandika sifa.

Hata hivyo, kuchagua swali sahihi si sawa na kulijibu. Baada ya kuliondoa shauri katika uwanja wa ubaguzi, hukumu kuu inatamka kwamba hata hatua halali ya urejeshaji ni lazima itekelezwe kwa njia halali: walau utekelezaji wake uwe na mantiki, na usivuke mpaka kwa kuudhuru utu wa wanaoathirika. Kisha, pale msomaji anapotarajia vipimo hivyo vipewe kazi ya kufanya, hukumu inapita haraka. Sababu iliyotolewa ni ya kiutaratibu. Barnard alikuwa amelijenga shauri lake juu ya madai ya ubaguzi. Alipofika ngazi ya mwisho akataka uamuzi wa Kamishna upitiwe kwa misingi mingine, na mahakama ikaona kwamba hilo halikuwa shauri aliloliwasilisha tangu chini. Kanuni hiyo ya utaratibu ni ya kweli na ina faida zake. Lakini athari yake katika matini ni kwamba swali ambalo mahakama inalitaja kuwa ndilo sahihi halikupata nafasi ya kuulizwa kikamilifu, si kwa mujibu wa swali la zamani wala la jipya. Mlango mmoja ulifungwa kwa kuwa haukuwa mlango wake, na wa pili ukafungwa kwa kuwa hakuubisha mapema.

Majaji wengine, njia nyingine

Ni kosa kuisoma hukumu ya Barnard kana kwamba ina sauti moja. Majaji wote walikubaliana juu ya matokeo, lakini hawakukubaliana juu ya namna ya kuyafikia, na tofauti hizo ndizo sehemu yenye thamani kubwa zaidi kwa mhakiki.

Majaji Cameron, Froneman na Majiedt, katika maoni yao ya pamoja, waliona kwamba mantiki pekee ni kipimo hafifu mno. Uamuzi unaweza kuwa na mantiki na bado ukakosa haki: mwajiri mwenye mpango unaotaja idadi anaweza kukataa kila mwombaji wa kundi lililozidi, na kila mara akawa na mantiki. Wao walitaka kipimo cha haki katika utekelezaji, kinachouliza jinsi mpango ulivyomwangukia mtu huyu, katika nafasi hii, siku hii. Hawakuficha kwamba sababu za Kamishna zilikuwa finyu kiasi cha kutia wasiwasi. Walizijaza kwa takwimu za ikama zilizokuwa kwenye kumbukumbu za shauri: katika ngazi hiyo ya mshahara wazungu, wakiwemo wanawake wa kizungu, walikuwa wamezidi idadi iliyolengwa. Kwa hiyo uamuzi ulipona.

Uhakiki huu unaona kwamba maoni haya ndiyo yaliyokaribia zaidi ukweli wa jambo, na kwamba ndiyo pia yaliyojikwaa mahali pa wazi zaidi. Ikiwa haki ya utekelezaji inategemea sababu alizopewa mtumishi, sababu haziwezi kuletwa na mahakama miaka minane baadaye kutoka kwenye majedwali. Jedwali linaeleza kwa nini Kamishna angeweza kukataa. Halielezi kwa nini alikataa. Mtumishi hakuandikiwa jedwali. Aliandikiwa sentensi chache, na kwa miaka yote hiyo hizo ndizo alizokuwa nazo mkononi.

Jaji van der Westhuizen alikwenda upande wa utu, akataka hatua ya urejeshaji ipimwe kwa uzito wake dhidi ya haki na maslahi mengine, utu wa aliyenyimwa na huduma kwa umma vikiwemo. Neno utu, kwa msomaji wa Kiswahili, lina upana ambao istilahi ya kisheria haina, kwa kuwa halihusu stahiki ya mtu peke yake bali pia namna watu wanavyotendeana. Kwa kipimo hicho, swali si tu kama Barnard alidhalilishwa kwa kunyimwa cheo. Watu hunyimwa vyeo kila siku na wanabaki na utu wao. Swali ni kama alitendewa kama mtu anayestahili kuelezwa. Jaji Jafta, kwa upande wake, aliona kwamba mjadala wa kipimo cha haki haukufaa kufunguliwa kabisa kwa kuwa haukuwa mbele ya mahakama; msimamo unaoeleweka, lakini uliowaacha waajiri wa umma bila mwongozo ambao wangeuhitaji siku iliyofuata.

Mwanamke asiyeonekana

Kuna jambo moja ambalo hukumu nzima inalishughulikia kwa haraka isiyolingana na uzito wake. Sheria ya mwaka 1998 inataja makundi yanayostahili kuendelezwa: watu weusi, na chini ya jina hilo inawaweka Waafrika, Makaladi na Wahindi, wanawake, na watu wenye ulemavu. Barnard alikuwa mwanamke. Kwa maneno ya sheria yenyewe alikuwa ndani ya kundi linalolindwa, na kwa rangi yake alikuwa nje. Jeshi la polisi, kwa desturi yake, halikuwa tu la wazungu. Lilikuwa la wanaume. Hoja kwamba wanawake wa kizungu walikuwa wamezidi katika ngazi ile inaweza kutosha kama jibu, kwa kuwa ubaguzi wa rangi na wa jinsia haukuwagusa wanawake wote kwa kiwango kimoja, na mwanamke Mwafrika alibeba yote mawili. Jibu hilo lingehitaji kuandikwa kwa ukamilifu. Kuliacha katika mstari wa takwimu ni kuonyesha kwamba mpango wa idadi hujua kuhesabu watu katika visanduku, lakini hukosa la kusema mtu anapoingia katika visanduku viwili.

Na kuna waombaji wengine. Mjadala wa umma umemfanya Barnard kuwa mtu pekee katika kisa hiki, kwa upande mmoja kama mwathirika, kwa upande mwingine kama mfano wa upendeleo wa zamani usiotaka kuachia. Lakini katika usaili wa pili walikuwepo waombaji Waafrika waliopata alama nzuri, nao pia hawakuteuliwa. Ikiwa lengo la Kamishna lilikuwa uwakilishi, aliyekuwa na uwezo wa kuuleta alikuwa ameketi mbele ya jopo lake. Mahakama ya Kazi, ya kwanza kusikiliza shauri hili, ililigusa jambo hili iliposema kwamba ikiwa hapatikani wa kuteuliwa kutoka kundi lenye uwakilishi mdogo, anayefaa kutoka kundi jingine asinyimwe bila maelezo ya wazi na ya kuridhisha. Msimamo huo ulipotea njiani. Matokeo yake ni usawazishaji ambao haukumwendeleza yeyote: mzungu hakupata, Mwafrika hakupata, na mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya polisi alipungukiwa mtu mmoja wa kuyashughulikia. Kutetea uamuzi huo kwa jina la waliodhulumiwa kunahitaji ujasiri wa aina yake.

Jina la jambo

Katika Kiswahili mjadala huu husumbuliwa na istilahi. Wapo wanaotumia upendeleo maalumu, wapo wanaosema ubaguzi chanya, na wapo wanaosema usawazishaji. Upendeleo ni neno lililokwisha kuhukumu. Katika ofisi ya umma yeyote anayesema fulani amepandishwa kwa upendeleo anamaanisha kujuana, undugu au rushwa, na hakuna kivumishi kitakacholisafisha. Ubaguzi chanya linajipinga lenyewe. Usawazishaji linafaa zaidi kwa kuwa ndani yake mna kitendo: kilichoinama kinanyanyuliwa mpaka kiwe sawa, na kazi hiyo ina mwisho wake. Si suala la msamiati tu. Mtumishi anayesoma tange ya idara yake na kuona aliye chini yake amepandishwa atauita uamuzi huo kwa jina moja au jingine kulingana na maelezo aliyopewa. Asipopewa maelezo yoyote, atauita upendeleo, na wenzake watamwamini.

Afrika Mashariki imewahi kulikabili swali hili kwa njia zake. Tarehe 7 Januari 1964 Julius Nyerere alielekeza kwamba ndani ya utumishi wa Tanganyika tofauti baina ya raia wenye asili ya Afrika na raia wengine ikomeshwe katika kuajiri, kufundisha na kupandisha vyeo. Miaka miwili tu tangu uhuru, aliona kwamba hatua iliyokuwa ya lazima ilikuwa inaelekea kuzaa uraia wa madaraja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilichukua mkondo tofauti. Ibara ya 232 inaweka ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi na upandishaji vyeo, lakini inauweka msingi huo chini ya masharti ya uwakilishi wa jamii mbalimbali na ya fursa sawa kwa wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu. Mpangilio huo wa aya una maana: ustahili haukufutwa, ila haukuachwa utawale peke yake. Unafanana na hoja ya Moseneke kwamba urejeshaji ni sehemu ya usawa. Ila yeyote anayedhani kwamba ibara hiyo inamwondolea mkuu wa idara wajibu wa kueleza kwa nini amempita aliyeongoza usaili anaisoma nusu.

Baada ya Barnard

Udhaifu wa hoja ya mwaka 2014 ulijitokeza katika shauri la Idara ya Magereza, lililoamuliwa na mahakama ileile mwaka 2016. Safari hii waliolalamika, isipokuwa mmoja, walikuwa Makaladi wa Rasi ya Magharibi, jimbo ambalo wao ni karibu nusu ya wakazi wote. Mpango wa idara ulitumia idadi ya taifa zima, ambapo Makaladi ni chini ya asilimia 9, na kwa hesabu hiyo walionekana wamezidi nyumbani kwao. Watu waliodhulumiwa na ubaguzi wa rangi walikuwa wananyimwa vyeo kwa jina la kuurekebisha ubaguzi huohuo. Hukumu ya wengi, iliyoandikwa na Jaji Zondo, ilisema kwamba kanuni ya Barnard inaweza kutumika hata dhidi ya mtu mweusi ikiwa kundi lake limezidi, na wakati huohuo ikaona kwamba idara ilikiuka sheria kwa kutozingatia idadi ya watu wa eneo pamoja na ile ya taifa.

Sehemu ya kwanza ya uamuzi huo inafuata moja kwa moja kutoka Barnard, na inaonyesha mahali hoja inapofika ikiachwa iende yenyewe. Sehemu ya pili ndiyo inayotoa funzo la kiuhakiki. Mahakama haikuikataa idadi. Iliuliza idadi ya nani, ya wapi, na kwa nini hiyo. Kwa maneno mengine, ilidai maelezo ambayo miaka miwili nyuma haikuyadai kwa Kamishna wa Polisi. Maswali hayohayo, yangeulizwa juu ya nafasi ya mrakibu katika Kitengo cha Tathmini, yangemlazimisha Kamishna aseme kwa nini mwombaji Mwafrika aliyefaa hakuteuliwa, kwa nini nafasi iliyotangazwa mara mbili haikuwa na umuhimu, na kwa nini mwanamke wa ngazi ile alihesabiwa kwa rangi bila jinsia. Huenda angekuwa na majibu, na huenda yangetosha.

Nafuu iliyotolewa mwaka 2016 nayo inafaa kutazamwa. Walalamikaji ambao nafasi zao zilikuwa bado wazi waliamriwa kupewa vyeo hivyo. Wale ambao nafasi zao zilikwisha kujazwa waliamriwa kulipwa mshahara na marupurupu ya ngazi waliyonyimwa, bila aliyeteuliwa kuondolewa.